Umegongwa na gari, ukasimama, ukatembea: goti lako bado si la kuaminiwa

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo zaidi ya mwaka, na leo naliandika kwa sababu wiki iliyopita nimemwona kijana akigongwa na gari mbele ya macho yangu. Aliinuka, akajikung'uta suruali, akamwambia dereva, "Niko sawa, nenda tu." Maneno yale yale niliyoyasema mimi siku yangu. Nilimkimbilia nikamwomba akae chini kwanza, nikaandika namba ya gari kabla halijaondoka. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Kama anasoma hapa, ndugu yangu, uzi huu ni wako.

Mimi nilikuwa navuka, gari likakata kona huku dereva akiangalia upande mwingine. Mwendo wake ulikuwa mdogo, siwezi kumsingizia. Bampa lilinipata goti la kushoto kwa upande wa nje, na mguu huo ndio uliokuwa umebeba uzito wangu wakati ule. Nililalia boneti, nikateleza chini. Maumivu hayakuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni sauti, ule mlio wa kijiti kibichi kinapokunjwa mpaka kikaachia. Nikasimama. Nikatembea hatua kama ishirini mpaka ukingoni.

Haikupita saa moja, goti lilikuwa limejaa mpaka kilegesambwa, ile pia ya goti, hakionekani na ngozi inang'aa. Hapa naomba msome polepole. Goti likijaa ndani ya saa moja au mbili, mara nyingi kilichojaa ni damu. Likijaa kesho yake, mara nyingi ni maji ya goti lenyewe. Na damu haiingii ndani ya goti bure: kuna kano iliyokatika, au gegedu lililochanika, au mfupa uliovunjika.

Hospitali ya kwanza nilipigwa picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavu. Nikaambiwa mfupa mzima, umeteguka tu, chukua dawa za maumivu na bendeji, nenda nyumbani. Sikubisha. Siku tatu nilitembea na goti lile, na kila nikiweka uzito lilikuwa linakimbilia ndani, kama mlango uliolegea bawaba. Usiku sikulala kwa jinsi lilivyokaza.

Siku ya tatu nikaenda kwa daktari mwingine. Aliligusa, akalipiga sindano ya ganzi, akavuta. Bomba la sindano likajaa damu nyeusi. Akalisimamisha wima kwenye mwanga, akanionyesha kwa kidole bila kusema neno. Juu ya damu ile palikuwa panaelea matone madogo ya mafuta, yanameremeta. Akaniambia: "Haya mafuta yametoka ndani ya mfupa. Umevunjika."

Kipimo cha CT, picha inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande, kikaonyesha sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, upande wa nje, imedidimia milimita 7. Kano ya upande wa ndani nayo ilikuwa imechanika. Na mimi nilikuwa nimeutembelea mguu huo siku tatu nzima.

Ninachokiomba kwenu ni kimoja: msimpime aliyegongwa kwa kuangalia kama amesimama.

#2

Pole sana mkuu. Lakini bado sijaelewa. Mtu amevunjika mfupa wa mguu, anatembeaje hatua ishirini? Mimi nilivunjika mkono tu nikashindwa hata kushika kikombe.

#3 – Mleta uzi

Swali zuri mkuu, hata mimi nilimuuliza daktari hivyo hivyo.

Mfupa wa muundi kwa juu umetandazika kama meza ndogo, na mfupa wa paja unakaa juu ya meza hiyo. Chini ya uso wa meza, mfupa si mgumu kama tunavyodhani, ni kama sifongo. Bampa la gari dogo la kawaida liko kwenye kimo cha goti la mtu mzima au chini yake kidogo, na dereva akikanyaga breki pua ya gari inashuka zaidi. Sasa mguu umeganda chini kwa sababu umebeba uzito, gari linasukuma goti kutoka nje kwenda ndani. Goti ni bawaba ya kwenda mbele na nyuma, halikuumbwa kukunjwa kiubavu. Upande wa ndani unafunguka, kano inachanika. Upande wa nje unabanwa, mfupa wa paja unaupiga uso wa meza kama nyundo, nao unadidimia ndani ya ile sifongo.

Meza imebonyea, lakini mguu wa meza haujakatika. Ndiyo maana unasimama. Mkono wako ulikatika kabisa, wangu ulibonyea.

Si jambo geni hili. Cotton na Berg, madaktari wa Marekani, waliuandikia mvunjiko huu mwaka 1929 wakaupa jina la sehemu ya mbele ya gari. Baadaye Schatzker wa Toronto akaugawa makundi sita, kuanzia ule wa ufa mmoja mpaka ule ambao kichwa cha mfupa kimeachana na shina lake. Wangu uliingia kundi la tatu, wa kudidimia peke yake. Huo ndio eksirei inaweza kuupita, kwa sababu hakuna ufa wa kuonekana, uso umeshuka tu na picha ya mbele inaufunika.

Kwa watoto mambo ni tofauti: kimo chao kinalifanya bampa liwapate pajani au nyongani, na boneti kifuani. Mtoto aliyegongwa asiangaliwe goti peke yake hata kidogo.

#4

Nafanya kazi ya uuguzi kitengo cha dharura, mwaka wa kumi na moja huu. Mleta uzi, asante kwa moyo wako wote. Niruhusu niongeze jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mfupa.

Nyuma ya goti unapita mshipa mkuu wa damu unaolisha mguu wote chini. Umefungwa juu ya goti na chini ya goti, hauna pa kukimbilia goti likichomoka. Na goti lililochomoka linaweza kurudi lenyewe kabla hata mgonjwa hajafika hospitali. Anakuja na goti lililonyooka, limevimba kidogo tu. Ukilitazama kwa jicho hulioni kosa.

Tulimpokea mmoja wa namna hiyo. Watu wote walikuwa wanashughulikia jeraha la kichwa, na kweli lilihitaji kushughulikiwa. Nikavua soksi zote mbili, nikaweka kiganja kwenye kila unyayo. Mmoja wa moto, mmoja baridi. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba, ukabaki mweupe, hauna haraka ya kurudi. Nilipiga kelele ya kumwita daktari wa upasuaji pale pale.

Mguu usiopata damu una saa chache tu, na tunahesabu saa 6 tangu aumie kama mpaka wa kukimbiliwa. Ukipita saa 8, hatari ya kuukata inapanda sana. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa, mkifika, semeni aligongwa saa ngapi. Hilo linatusaidia kuliko maelezo marefu ya gari lilitokea wapi.

Mapigo yanashikwa sehemu mbili: juu ya unyayo, na nyuma ya kifundo kwa ndani. Linganisheni miguu miwili. Na mapigo yakiwepo msiseme mambo yameisha, maana ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuwa umechubuka na damu ikaganda saa kadhaa baadaye. Sisi tunapima presha ya kifundo na ya mkono, ya kifundo tunaigawa kwa ya mkono. Ikishuka chini ya 0.9, mgonjwa anapigwa picha ya mishipa. Isiposhuka, bado anaangaliwa tena na tena.

La pili ni ndama ya mguu kukaza kama ubao. Damu na uvimbe vikijaa ndani ya mifuko ya misuli, presha inabana mpaka misuli inaanza kufa. Dalili yake ni maumivu yasiyolingana na jeraha, dawa haziyagusi, na mtu akikuinulia vidole vya mguu unapiga yowe. Ukiwa umefungwa hogo (ile plasta ngumu) au bendeji na ukafikia hapo, usisubiri asubuhi. Ifunguliwe usiku huo huo na daktari aitwe.

#5

Dada muuguzi, nimesoma maelezo yako nikatetemeka. Baba yangu ana miaka 63, aligongwa wiki tano zilizopita, goti la kulia upande wa nje. Amefanyiwa upasuaji, mfupa wanasema unaendelea vizuri. Lakini unyayo wake haupandi. Akitembea na magongo vidole vinaburuza chini, na juu ya unyayo hana hisia. Tuliambiwa tusubiri. Tunasubiri nini? Mzee ameanza kukata tamaa, anasema mguu umekufa.

#6 – muuguzi wa #4

Mpe mzee pole nyingi. Mguu wake haujafa.

Mshike mguu, upande wa nje chini kidogo ya goti utakuta kifundo kidogo cha mfupa mwembamba. Mshipa wa fahamu unaopandisha unyayo unazunguka hapo, chini ya ngozi tu, hauna nyama ya kuukinga. Bampa likipiga upande wa nje, au goti likivutwa kiubavu, mshipa huo unapondwa au unavutika. Ukipondwa tu, nyuzi zake huota tena, lakini kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku. Pigeni hesabu kutoka goti mpaka misuli ya mbele ya muundi, mtaona kwa nini wanasema miezi. Ukiwa umekatika kabisa, hapo kuna mazungumzo mengine ya upasuaji, kwa hiyo ulizeni waziwazi: ulionekana mzima wakati wa kufungua goti? Na kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu na misuli atafanyiwa lini?

Wakati mnasubiri msikae bure. Anahitaji kifaa cha kushikilia unyayo usidondoke, cha plastiki, kinaingia ndani ya kiatu. Mchana asijikwae, usiku kano ya kisigino isijikaze. Kila siku mvuteni unyayo kuelekea kwake polepole. Mshipa ukirudi ukakuta kisigino kimekaza, mmepoteza. Na kagueni ngozi kila jioni, kwa sababu pasipo na hisia kidonda kinaota bila kelele.

#7

Mimi sio daktari ila nadhani tunakuza mambo. Mtu akigongwa, tumnyanyue haraka tumtoe barabarani, tumchue goti na maji ya moto, akishindwa kutembea ndiyo hospitali. Tukimpeleka kila mtu hospitali zitajaa.

#8 – muuguzi wa #4

Ndugu, nakujibu kwa heshima, ila haya yanaumiza watu.

Kumnyanyua haraka: aliyegongwa mguuni mara nyingi amepiga na kichwa, kwa sababu mwili unajikunja juu ya boneti na kichwa kinaenda kwenye kioo. Shingo inaweza kuwa imeumia. Simamisheni magari kwanza, wekeni watu wa kuzuia. Asogezwe tu kama akibaki pale atagongwa tena au gari linawaka. Goti lifungwe kwa ubao au gazeti lililokunjwa, katika mkao ule ule mliolikuta nao. Msilinyooshe kwa nguvu.

Kuchua na maji ya moto siku ya kwanza kunazidisha kuvuja kwa damu. Weka baridi juu ya kitambaa, dakika kumi na tano au ishirini, pumzisha, rudia. Na asile wala asinywe mpaka aonwe, huenda akahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji.

Kuhusu nani apigwe picha, kuna kanuni ya Ottawa ya mwaka 1995, na inatumika sehemu nyingi duniani. Mtu mzima aliyeumia goti anapigwa eksirei akiwa na hata moja kati ya haya: umri wa miaka 55 au zaidi, maumivu ukibonyeza kile kifundo cha mfupa mwembamba, maumivu kwenye kilegesambwa peke yake, hawezi kukunja goti mpaka nyuzi 90, au hawezi kutembea hatua nne, pale alipoumia na tena mbele ya daktari. Kuchechemea kunahesabika kuwa ni kutembea. Ukisoma vizuri utaona kutembea ni kipengele kimoja kati ya vitano.

#9 – Mleta uzi

Nakazia hapo. Mimi nilitembea, lakini kukunja mpaka nyuzi 90 nilishindwa. Hakuna aliyeniomba nikunje.

Na kanuni hiyo inasaka mfupa tu. Kano na gegedu havionekani kwenye eksirei, vinataka mikono ya daktari anayejua na wakati mwingine MRI, kipimo cha sumaku. Goti likiwa limejaa na linauma, mikono nayo inadanganywa, misuli inajikaza yenyewe. Kwa hiyo mwombeni awaone tena baada ya wiki moja au mbili uvimbe ukishuka, hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Kama ningerudia siku yangu, ningeuliza: "Kama mfupa ni mzima, damu hii imetoka wapi?"

#10

Mimi ni fundi wa bodi za magari, nimefungua mabampa mengi. Niwaambie kilicho ndani maana wengi wanadhani ni plastiki tu.

Nyuma ya ile plastiki kuna sponji nene, nyuma ya sponji kuna boriti ya chuma. Sponji ile ndiyo inayopokea goti. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni chini zaidi kuna boriti nyingine ndogo, karibu na kimo cha katikati ya muundi. Kazi yake ni kuusukuma mguu wote kwa pamoja, goti lisiwe mahali pekee pa kukunjika. Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, wamekuwa wakitoa matokeo ya majaribio haya tangu 1997: mguu wa bandia unarushwa kwenye bampa kwa kilomita 40 kwa saa. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa namba 9, ya mwaka 2008, iliweka kwamba goti lile la bandia lisikunjike kiubavu zaidi ya nyuzi 19, na mifupa isipishane zaidi ya milimita 6. Nyuzi 19, wakuu. Simameni mbele ya kioo muone ilivyo ndogo.

Sasa mteja ananiletea gari lililogongwa kidogo, anasema sponji acha, plastiki ipakwe rangi tu irudi. Au anataka afungiwe vyuma vigumu mbele ya bampa. Chuma kile kinafuta kazi yote ya sponji, goti linakutana na bomba. Na gari likiwa na kimo kirefu kwa mbele, pigo linapanda pajani na nyongani. Mimi sponji naidai kila mara, na vyuma vya mbele nimeacha kuvifunga. Nimekosa wateja kwa hilo.

Na mwendo. Gari la kilomita 60 kwa saa halipigi mara mbili ya lile la 30, nishati ya pigo ni mara nne.

#11

Mleta uzi, mwaka umepita. Unatembeaje sasa? Nina chuma na skrubu sita kwenye goti tangu mwezi uliopita na nimechoka kulala.

#12 – Mleta uzi

Pole ndugu yangu. Nakumbuka kuchoka huko.

Kwangu waliuinua uso wa mfupa kutoka chini, wakajaza pengo kwa kipande cha mfupa wangu kutoka nyongani, wakafunga bamba na skrubu. Kano ya ndani hawakuigusa, ilipona yenyewe ndani ya kifaa chenye bawaba. Wiki 8 sikukanyaga chini. Hilo litii jinsi daktari wako alivyosema, hata siku ukijiona una nguvu. Mfupa mpya ni laini, ukiukanyaga mapema unadidimia tena.

Kisichosemwa sana ni paja. Misuli ya mbele ya paja inayeyuka ndani ya siku chache, nilipima kwa kamba nikalia. Anza leo ukiwa kitandani, kama daktari hajakukataza: kunja taulo uweke chini ya kisigino, siyo chini ya goti. Najua mto chini ya goti ni mtamu. Ndio ulioniponza, goti langu lilizoea kukunjika kidogo na kulinyoosha tena kulichukua miezi minne. Kisigino kikiwa juu, sukuma goti chini, kaza paja, hesabu mpaka tano, achia. Fanya kila unapoamka, kila unapokula. Halafu teleza kisigino kuelekea makalioni kadiri ulivyoruhusiwa.

Ndama ikivimba na kuuma upande mmoja, au ukikosa pumzi ghafla, hiyo huenda ni damu iliyoganda. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kama unavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha, mifupa ya wavutaji inachelewa kuunga.

Sasa natembea bila gongo. Ngazi za kupanda sina shida, za kushuka natangulia mguu mbovu na kushika ukuta. Kuchuchumaa nafika nusu. Kupiga magoti naweka kitu laini chini, bamba linanichoma. Daktari ameniambia wazi kwamba goti hili linaweza kusagika mapema kuliko lenzake, na nimeanza kupunguza uzito kwa ajili yake.

#13 – wa #5

Nimerudi. Tulimuuliza daktari kama dada alivyosema. Mshipa wa fahamu ulionekana mzima wakati wa upasuaji, umepondwa tu, na kipimo cha umeme tumepangiwa. Kifaa cha unyayo amepata, mchana kutwa anacho. Jana nilipokuwa namvuta mguu aliniambia anasikia kama sindano zinamchoma pembeni mwa muundi, chini kidogo ya goti, siku ya tatu sasa. Je, hiyo ni mbaya?

#14 – muuguzi wa #4

Hapana, dada. Huenda ni zile nyuzi za mshipa wa fahamu zinaota tena. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole pale pale anaposikia sindano, weka alama kwa kalamu, andika tarehe pembeni. Gonga tena baada ya wiki mbili uone kama pamesogea kwenda chini. Daktari aonyeshwe alama hizo siku ya kipimo.